Mguu wa Ndani ya Gari

Jumapili saa tisa alasiri Robotatu alikuwa uani akipaka viti vya gari lake mafuta ya ngozi. Alianza na cha dereva, akaja cha pembeni, akawa amemaliza, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa la viti viwili. Paa la turubai lilikuwa limekunjwa nyuma. Magongo yake yalikuwa yameegemezwa mlangoni kwa nje, na mguu wake wa kushoto, uliokatwa miaka minane iliyopita, ulikuwa umenyooka juu ya zulia ndani ya buti la kazi, hauna la kufanya.

Haukuwa na la kufanya kwa sababu gari lilikuwa otomatiki. Chini ya usukani palikuwa na pedali mbili, ya breki na ya mwendo, na zote mbili ni kazi ya mguu wa kulia. Wa kushoto ulikaa tu, ukitikisa kisigino gari likiwa kwenye foleni.

Hapakuwa na siri katika jambo hilo. Paa likifunguliwa naye akiwa kitini, mguu ulikuwepo. Paa likifungwa, au akishuka, haukuwepo. Mara ya kwanza ulipotokea, wiki tatu baada ya mwenyewe kutoka hospitali, mkewe alikuwa akianika nguo. Alichungulia garini, akaona goti, muundi, na buti jeusi lililojaa vumbi la kioo, akasema, "Hicho kiatu kisiingie ndani, kina vioo," akarudi kwenye kamba yake. Majirani walikuja kuangalia siku mbili tatu, wakatosheka. Daktari aliyeukata alipita siku moja, akaubonyezabonyeza, akasema anaukumbuka. Mtaani walikuwa wameshampa jina la Robotatu, na hata mguu uliporudi jina halikuondoka, maana watu wakishapata jina tamu hawalitemi.

Gari alilinunua likiwa mkweche uliopinduka, halina kioo wala mlango wa kulia, enzi zile akiwa mzima na akifanya kazi kiwanda cha chupa. Lilimla Jumapili za miaka tisa. Mabati aliyanyoosha mwenyewe, rangi ya kijani aliichanganya mara nne mpaka ikakubali, na mota ndogo inayokunja paa aliifungua na kuifunga hadi akaijua kuliko anavyowajua wakwe zake. Wenzake wa kiwandani walimcheka. Gari la mbio halafu otomatiki, walisema, hilo ni gari la mtu anayeogopa kuchoka. Mwenyewe aliona haya kidogo, akawa na mpango wa kuling'oa gia hizo na kulifungia za mkono. Kisha mguu ukaenda, na likabaki ndilo gari pekee analoweza kuliendesha. Tangu siku hiyo alilipenda kwa uchungu, kama mtu anavyompenda ndugu mmoja aliyebaki upande wake.

"Uza hilo gari," ilisema sauti nyuma yake, bila salamu.

Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyemzidi miaka sita na ambaye ndiye msimamizi wa zamu ya mchana kule kiwandani. Mtaa mzima ulimwita Msimamizi, kwa sababu hata kwenye misiba ya watu aliwapanga wafiwa viti. Alisimama mbali kidogo, mahali ambapo sakafu ya gari haikuonekana.

"Shikamoo, kaka," Robotatu alisema, polepole, ili mwenzake aone aibu.

"Marahaba. Uza. Nalinunua mimi. Bei taja wewe, sibishani."

"Wewe gari la wazi la nini? Ukipigwa na upepo unakohoa wiki nzima."

"Nitalichomelea paa. Pembe zote. Fundi nimeshaongea naye." Msimamizi alikung'uta vumbi ambalo halikuwepo begani mwake. "Barua yako imejibiwa. Mkaguzi anakuja Alhamisi."

Robotatu alikuwa ameiandikia ofisi ya kazi miaka saba iliyopita. Mengi ya barua ile alikuwa ameshayasahau, ila mstari mmoja aliukumbuka neno kwa neno, kwa kuwa aliupigia mstari mara mbili: njooni mlione buti.

Kule kiwandani mabuti ya usalama hayakuwa ya mtu, yalikuwa ya zamu. Kila jozi ilipakwa namba nyeupe kwenye ncha. Zamu inayotoka inavua, inayoingia inavaa yakiwa na joto la mwenzake, na msimamizi anaandika kwenye daftari nani kachukua namba ipi. Siku ile Robotatu alichukua kumi na saba. Alikuwa kwenye mashine namba tatu, yenye bamba la chuma linaloshuka na kupanda, likibana kreti moja kwa kila mpigo. Chupa ikipasukia chini ya bamba, sheria ilisema mashine izimwe, wavu wa kinga ufunguliwe, vigae vifagiliwe. Kuizima na kuiwasha upya kulikula robo saa. Kwa hiyo Msimamizi aliung'oa ule wavu, akauweka stoo, akawafundisha watu wake kuvipiga teke vigae kwa mguu wa kushoto bamba likiwa juu. Ilikuwa ni suala la kushika mpigo tu. Walioushika walijisifu kuwa ni wepesi, na mwepesi kuliko wote alikuwa mdogo wake.

Siku ile mpigo ulimponyoka, bamba likamshukia. Robotatu alipokuwa amelala sakafuni, kaka yake alipiga magoti akaanza kumfungua kamba za buti la kulia. Robotatu alidhani anamlegezea apate kupumua. Alimwambia ahsante. Msimamizi akalivua buti, akamvalisha ndala iliyokuwa chini ya benchi la kubadilishia nguo, kisha akaenda kulirudisha buti kwenye rafu yake. La kushoto lilikwenda na mguu, na huko hospitali vikachomwa pamoja. Taarifa ikaandikwa kuwa mfanyakazi aliingia zamu amevaa ndala, kwa uzembe wake mwenyewe. Daftari likasema namba kumi na saba haikuchukuliwa na mtu siku hiyo.

Na sasa kumi na saba ya kushoto ilikuwa juu ya zulia, kamba zimepigwa mafundo mawili, namba yake nyeupe bado inasomeka. Robotatu aliwahi kulivua mara moja. Soksi ilikuwa bado imelowa jasho la siku ile, akaona kichefuchefu, akalivaa tena.

"Na nisipouza?" aliuliza.

"Binti yako anaanza kazi kesho. Nimempangia namba tatu." Msimamizi alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Yeye ndiye aliyemtafutia mtoto nafasi hiyo, baada ya miaka miwili ya kukaa nyumbani na cheti chake cha chuo. "Ukiuza, nampeleka maabara. Atapima shingo za chupa kwa rula, amekaa kwenye stuli, koti jeupe. Usipouza, mashine ni mashine."

"Wavu umeurudisha?"

"Nikiurudisha si nitakuwa nimesema ulikuwa umetoka?"

"Ulinivalisha ndala, kaka. Nikiwa nimelala pale."

"Mmoja wetu angemwaga unga siku ile. Mimi nilikuwa na watoto wanne, wewe mmoja. Wewe ungefanyaje?" Aliuliza kama anayetaka jibu kweli, kisha akaangalia saa yake. "Mpaka Jumatano jioni," akasema, akaondoka, na geti akaliacha wazi.

Mkewe alikuwa dirishani muda wote huo na hakujificha.

"Uza," alisema.

"Hata wewe?"

"Mimi tangu lini nikawa upande wa hilo gari? Lina viti viwili, sisi tuko watatu. Miaka yote hii tukienda mahali lazima mmoja apande basi, na huyo mmoja ni mimi."

"Ni mguu wangu, mama."

"Mguu gani usioweza kushuka? Ungekuwa unaingia humu ndani ukanisaidia hata kubeba ndoo, ningeutetea. Una mguu kwenye gari na mtoto kwenye mashine. Chagua."

Robotatu alibonyeza kitufe, mota ikanguruma, paa likaja mbele na kujifunga. Kisha akafungua mlango, akavuta magongo, akaingia ndani kwa hatua zake tatu tatu, na usiku huo walilala wamepeana migongo.

Asubuhi alimpeleka binti kazini. Alifungua paa kwa makusudi, apite mbele ya kiwanda hivyo hivyo. Binti alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Walipoukaribia ukuta wa kiwanda mashine namba tatu ikaanza kusikika, du, du, du, na mguu wa kushoto ukaanza kupiga teke. Haukupiga kwa nguvu. Ulipiga kwa mpigo, ukingoja, ukipiga, ukingoja. Robotatu aliweka mkono juu ya goti aukandamize, lakini haukusikia.

Binti aliinama akautazama kwa makini, midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu.

"Baba, unapiga likiwa linapanda au likishafika juu?"

"Hupigi. Unazima mashine."

"Baba mkubwa kasema anayezima anarudi kwao."

"Nakwambia usipige!"

"Usinifokee. Mimi mwepesi," binti alisema, na hilo lilikuwa neno la Robotatu mwenyewe, alilokuwa akitambia pale pale.

Walikaa getini. Honi ya zamu ilikuwa bado dakika tano.

"Mama kaniambia habari ya maabara," binti alisema. "Ukiuza siendi. Nikienda mimi kwenye stuli, namba tatu anakwenda yule dada tuliyefanya naye usaili, na yeye hana baba mwenye gari. Mkaguzi akija akaliona buti, wavu unarudi kwa wote. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kaa nalo." Akashuka, akaubamiza mlango kwa nguvu ambayo haukustahili mlango ule wenye umri ule, akaenda kujipanga kwenye foleni ya mabuti.

Jumanne, Robotatu akiwa kwenye kibanda chake cha kuchonga funguo karibu na soko, ambako gari halina pa kuegeshwa, yule mchomeleaji wa Msimamizi alifika nyumbani, akapima pembe za paa kwa futi, akachora misalaba ya chaki. Robotatu aliporudi kwa basi aliifuta yote. Jumatano akaikuta imerudi, na safari hii imechorwa kwa rangi. Mkewe ndiye aliyemfungulia geti fundi huyo, akampa na maji ya kunywa.

"Unaniuza," Robotatu alimwambia.

"Mimi nauza gari. Wewe ndiye unayejidai gari ni wewe."

Siku hizo mbili alichonga funguo vibaya. Mama mmoja alirudi mara tatu na ufunguo usioingia. Alikuwa akipiga hesabu moja tu kichwani: akiuza, mtoto wake yuko salama kesho, na mguu wake utafungiwa gizani na mtu aliyeukana. Asipouza, kuna siku tatu za mtoto mbele ya bamba, kisha mkaguzi, kisha wavu. Siku tatu si nyingi, alijiambia. Watu wamekaa mbele ya bamba lile miaka. Alijiambia pia kuwa anafanya hivi kwa ajili ya yule dada wa usaili na wengine wote asiowajua, na hilo lilikuwa kweli. Lakini zaidi ya hayo alitaka kuuona uso wa kaka yake pale namba kumi na saba itakaposomwa kwa sauti mbele ya mtu wa serikali. Alikuwa ameusubiri uso huo miaka minane, na hamu yake ilikuwa kali kuliko njaa.

Jumatano jioni Msimamizi alikuja na karatasi za mauziano, amezijaza tayari, limebaki jina tu.

"Siuzi," Robotatu alisema akiwa kwenye usukani.

"Fikiri tena."

"Toka uani kwangu."

"Nitatoka. Ila ujue huyo mtoto si wangu, ni wako." Alizikunja karatasi mara nne, akazitia mfukoni. Mke wa Robotatu alikuwa amesimama kati yao na beseni la nguo, na baada ya shemeji yake kutoka alilimwaga beseni zima, nguo na maji, ndani ya gari lililokuwa wazi. Soksi ya miaka minane ikalowa upya.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne kamili, mama wa makamo, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba na kalamu tatu za rangi tatu. Alimwamkia kila mtu. Msimamizi alikuwepo kama mwakilishi wa kiwanda, amevaa shati lililopigwa pasi, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa. Robotatu alikuwa kwenye usukani tangu saa moja. Alikuwa amelifuta buti, kisha akajuta, akalirudishia vumbi.

Mkaguzi alifungua mlango, akachuchumaa. Aliupima mguu kwa futi ya fundi cherehani, kutoka gotini hadi kisiginoni, kisha akaupima wa kulia, akaandika. Aligonga goti kwa kalamu na mguu ukaruka unavyotakiwa. Alivuta soksi, akanusa vidole vyake mwenyewe, akaandika. Mwisho akavaa miwani akaisoma ncha ya buti.

"Kumi na saba," alisema kwa sauti.

Robotatu aligeuka kumtazama kaka yake. Uso ulikuwa vilevile alivyoutarajia: umepauka, mdomo umelegea, jicho moja linachezacheza. Aliutazama mpaka akashiba. Kwa muda wa dakika moja hivi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

"Taarifa ya awali ilisema ndala," mkaguzi aliendelea, akichukua kalamu nyekundu. "Hilo ni kosa. Mlalamikaji alivaa buti la usalama, la kushoto, namba kumi na saba, limefungwa ipasavyo. Nimelisahihisha. Una haki, mzee wangu, na naomba radhi kwa ucheleweshaji."

"Ahsante," Robotatu alisema, na machozi yakamlenga.

"Kuhusu mguu." Akachukua kalamu nyeusi. "Taarifa ya awali ilisema umekatwa chini ya goti. Hilo nalo ni kosa. Mguu upo. Sentimita sawasawa na mwenzake, hauna kovu, una hisia. Kwa hiyo hapakuwa na jeraha, na kwa kuwa hapakuwa na jeraha hapakuwa na ajali. Faili linafungwa."

Kuku wa jirani alipita chini ya gari.

"Mama, nikishuka haupo," Robotatu alisema.

"Sijakulazimisha kushuka."

Alishuka. Alijitupa nje, akasimama mbele yake kwa mguu mmoja akishikilia kioo cha pembeni, suruali ya kushoto inapepea. Mkaguzi alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Kushuka ni hiari yako," alisema. "Mimi naandika hali niliyoikuta."

"Na wavu? Mashine namba tatu haina wavu! Mtoto wangu yuko pale sasa hivi!"

"Wavu hukaguliwa baada ya ajali, mzee wangu. Ajali haipo." Alifunga kalamu zake moja moja. Kisha akayaona magongo yaliyoegemezwa ukutani, akayageuza, akasoma muhuri wa hospitali. "Haya yalitolewa kwa mtu aliyekatwa mguu. Itabidi niyarudishe. Nitiliane saini na nani?"

Mkewe ndiye aliyetia saini, kwa sababu Robotatu hakuweza kuuachia ule mkono ulioshika kioo. Mkaguzi aliyalaza magongo kwenye kiti cha nyuma cha gari la ofisi, akayafunga mkanda yasigonge, akaaga kila mtu kwa mkono.

Jioni ile ile Robotatu alimpigia kaka yake simu. Kabla ya hapo aliishika simu na kuiweka kwa saa nzima.

"Nauza," alisema. "Bei yoyote. Hata bure. Mhamishe tu."

Msimamizi alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyetua mzigo.

"Uuze gari zuri kama hilo? Acha masihara, mdogo wangu. Kaa nalo. Liendeshe paa likiwa wazi, upunge upepo, watu wakuone. Hata mimi nikiwa na kikao na wakubwa nitawaambia, tokeni nje mumwone ndugu yangu anavyopita."

"Na mtoto?"

"Anashika mpigo vizuri sana. Kakurithi."

Mkewe hakumwambia kuwa alimwonya. Alichukua ufagio mrefu wa dari, akaukata mpini, akaufunga kitambaa juu na kumpa. Lilikuwa gongo la kumtoa kitandani na kumfikisha kwenye gari, basi. Kibanda cha funguo kilikuwa na ngazi mbili na hakuzipanda tena. Alihamishia kazi garini: asubuhi anamshusha binti getini, anaegesha kando ya ukuta wa kiwanda, anaifunga mashine yake ya mkono ya kuchonga funguo kwenye kiti cha pembeni, na wateja wanamfuata hapo. Humo ndani alikuwa mzima. Wapita njia waliomjua zamani walimpongeza kwa kupona.

Binti hakuacha kazi. Mama yake alimwomba, akamlilia, mwisho akamtukana. Yeye alisema kuwa kwa sasa mshahara wake ndio chakula cha nyumba, kwamba ameshazoea, na kwamba akiondoka namba tatu haitakaa bila mtu hata siku moja. Hakumwambia baba yake neno baya. Alishuka tu kila asubuhi na kuubamiza mlango.

Ukuta wa kiwanda ulimzidi urefu mtu aliyesimama njiani. Aliyesimama juu ya sakafu ya gari, paa likiwa wazi, aliweza kuona ng'ambo: uwanja wa kreti, dirisha la tatu, na migongo ya watu wa zamu. Mashine namba tatu haikusimama kwa ajili ya chupa iliyopasuka. Ilisimamishwa na mambo matatu tu: umeme kukatika, kengele ya chakula, na kitu kikubwa kuliko chupa kikiingia chini ya bamba.

Siku moja saa nne na robo mpigo ulikatika. Robotatu alikuwa na ufunguo wa mteja mkononi, nusu umechongwa. Mguu wa kushoto, uliokuwa ukipiga teke tangu asubuhi, ukatulia. Alishika fremu ya kioo cha mbele akasimama, wima, kwa miguu yote miwili, akatazama kwenye dirisha la tatu. Aliona migongo. Aliona Msimamizi akitembea, hakimbii, kuelekea upande wa mashine. Alitafuta kilemba cha njano ambacho binti alikifunga asubuhi akakikosa, akatafuta tena kuanzia mwanzo, mgongo mmoja mmoja.

"Umeme huo," mteja alisema kutoka chini. "Hata dukani kwangu pale umekatika."

Baada ya robo saa mpigo ukaanza tena, na kilemba cha njano kikaonekana mahali pake. Robotatu aliketi, akaukaza ufunguo kwenye mashine yake, akamalizia meno mawili yaliyobaki, akampa mwenyewe. Kabla ya kengele ya chakula alisimama mara tatu nyingine, ingawa mpigo haukukatika tena.